Mtafsiri na Kuku wa Mjomba

Sauti yake ndiyo iliyonifikia kwanza, na mpaka leo nikimkumbuka huanza kumsikia kabla sijamwona. Nina kibanda cha video upande wa Onduparaka, hapa Arua, Uganda: mabati juu, mabenchi ndani, televisheni kubwa mbele, na spika ambazo majirani wamezilalamikia hadi wakachoka wenyewe. Watu huja kutazama mpira na filamu. Filamu hutoka mbali na huja na lugha za huko, kwa hiyo kibanda kinachotaka wateja lazima kiwe na mtu wa kukaa pembeni na kipaza sauti, apunguze sauti ya wenye filamu na awasemee kwa lugha ya hapa. Wangu alikaa nami miaka mingi. Mji mzima ulimwita Mtafsiri, hata baada ya kuiacha kazi hiyo na kuwa mchekeshaji wa televisheni. Jina lake silitaji, wala la mjomba wake, na sababu utaiona mbele.

Alikuwa mtafsiri mbaya sana, na nasema hivyo kwa mapenzi. Lugha za filamu zile hakuzijua na hakujisumbua kuzijua. Alitazama macho na midomo ya watu kwenye kioo, kisha akawapa maneno yake. Jambazi akimnyooshea tajiri bastola, Mtafsiri alisema: "Boss, mimi hapana taka pesa yako. Mimi nataka ile shamba ya baba yangu, ile wewe nakula kule Aroi." Kibanda kililipuka kwa kicheko, maana nani pale hana ugomvi wa shamba huko Aroi au Manibe? Bi harusi akilia, alimsemea: "Mimi nalia viti. Viti yote iko ya kukodi, kesho narudi kwa mwenyewe."

Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya sekondari kabla sijaitupa chaki, na najua kutafsiri ni nini. Nikamkaripia. Akanitazama bila kuudhika, akasema, "Mama Mwalimu, Kiswahili yako iko na tai. Hawa watu ya filamu mimi naangalia shingo yao, hakuna tai." Tangu siku ile nikawa namsikiliza kama wateja wengine, isipokuwa mimi nilisikiliza kwa makini zaidi.

Mchana mmoja tulikuwa na filamu ya vita. Ikafika mahali ambapo mama mmoja anatembea barabarani na godoro kichwani, mtoto anamfuata, nyuma kuna moshi. Kwenye mabenchi ya mbele siku ile walikaa wazee waliowahi kukimbia, wengine Kongo, wengine Sudani, wakakaa huko hadi watoto wakasahau kwao. Wote tukamgeukia Mtafsiri tusikie atamsemea nini mama yule. Akaweka kipaza sauti chini. Akamwacha mama atembee, mpaka nikasikia mabati yakilia kwa jua. Kisha akakishika tena, akasema polepole, "Hiyo hapana tafsiri." Akaongeza, "Lakini ile godoro iko ya jirani. Anakimbia nayo kabisa." Wazee wale walicheka huku wakijifuta macho, na mmoja alipiga benchi kwa kiganja akisema kweli, kweli, ilikuwa ya jirani. Nimesoma vitabu vingi, na sijui ni mwandishi gani angethubutu.

Yeye mwenyewe hakucheka. Sikumbuki kumwona meno. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata wakati wa kiangazi, na alikunywa maji ya moto matupu, bila majani wala sukari. Kabla ya kazi aliketi kwenye mlango wangu wa nyuma akibambua karanga. Hakuzila. Alizijaza kwenye kikombe na kunikabidhi, kisha akaenda kuvunja watu mbavu.

Sokoni alinunua nyanya mojamoja. Moja kwa mama huyu, moja kwa mama yule, anazunguka safu nzima, na kwa kila mmoja anasimama akibishana kidogo. Akina mama walimwona bahili, mkono wa birika. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi nilipofuatana naye siku moja na kugundua kwamba nyanya hazitaki hata kidogo. Alitaka kusikia. Mama akilalamika kuhusu mume, kuhusu mvua, kuhusu mkwe anayeishi Kampala na kujifanya hasikii simu, Mtafsiri aliitikia, "Ndiyo, mama," na wiki iliyofuata maneno yale yalitoka mdomoni mwa malkia fulani kwenye filamu.

Halafu kituo kimoja cha televisheni hapa mjini kikamchukua. Kipindi chake kikaitwa Hakuna Kitu, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Alisimulia jambo hadi ukaanza kuliamini, akalivua nguo moja baada ya nyingine, na mwisho akakunja mikono na kusema, "Nafungua, naangalia ndani. Hakuna kitu." Alifungua ahadi za wagombea: "Jembe wanaleta leo. Mpini iko nakuja baada ya kura." Alifungua mahari, mazishi, mahubiri, mikutano ya ukoo, misaada, na sisi wenyewe tunaopiga makofi. Kila Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu, kibanda changu kilijaa kuliko siku ya mpira, na ukiwajua watu wa Onduparaka na mpira wao, utaelewa ninachosema.

Kilijaa, na kikagawanyika. Katekista, jirani yangu anayefundisha dini kanisani, alikuja kila wiki ili akasirike. Aliketi benchi la mbele kabisa, mikono kifuani. "Huyu mutu anaharibu watoto," alisema. "Mutoto akisikia kila kitu ni bure, kesho atasema hata Mungu ni bure." Vijana wa bodaboda walimjibu kwamba mtu asiyependa kipindi hawahi nafasi ya mbele. Mama mmoja muuza mkaa alikasirika kwa sababu nyingine. "Wakubwa anawacheka, sawa. Lakini anatucheka na sisi. Sisi tunamkosea nini?" Mwalimu mkuu mstaafu, rafiki yangu wa zamani, alisema neno lililonikaa. Alisema mtu asiyetumaini lolote asipewe kipaza sauti, maana hasemi uongo, lakini anawachosha watu na ukweli. Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, "Mwalimu, sisi tunachokaga kwa uongo. Huyu anatupumzisha."

Nilikuwa pande zote mbili. Nilicheka hadi nikashika ubao wa benchi, kisha nikarudi nyumbani roho nzito, na nikakasirika kwamba amenifanya nicheke. Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango mapema kuliko kawaida.

Wasiomjua waliamini kwamba ni mtu wa moyo mkavu. Kwenye televisheni alisema mazishi ya hapa ni chakula chenye marehemu pembeni. Lakini penye msiba mtaani petu, ukifika asubuhi unamkuta ameshavua shati lile la kifungo cha juu, yumo kaburini hadi mabegani, anachimba na hasemi. Chakula kikiiva, hayupo. Nikamuuliza kwa nini haketi kula na wenzake. "Pale wanapika vibaya," akasema. Nikajua ananidanganya, naye akajua kwamba najua, tukaendelea kubambua karanga.

Sasa nimfikie Afande.

Mjomba wake Mtafsiri alikuwa mwanajeshi wa zamani wa Koboko, mji wa kaskazini mwetu, Mwislamu, mzee aliyekula chumvi nyingi na bado hutembea kifua mbele. Koboko wote walimwita Afande. Ndiye aliyemlea Mtafsiri baada ya mama yake, dada wa mzee, kufariki. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa huko hahitaji kuelezwa. Huko mtoto wa dada ana ruhusa kwa mjomba wake ambayo hata mtoto wa kuzaa hana. Haingii kwa hodi. Hangoji kiti. Akitamani kuku uani, anamkamata na kwenda naye, na hakuna wa kumwita mwizi ila mjomba mwenyewe, naye humwita kwa kelele mtaa usikie, huku amefurahi. Anaweza kumtania mjomba mbele ya wageni, kumtukana hata, na mjomba atarudisha. Ni heshima yao hiyo. Anayemfanyia mjomba adabu nyingi ni mgeni.

Basi Afande alikuwa na kuku, na alikuwa na tabia. Kila asubuhi aliwatoa bandani, akawamwagia mtama kwenye mstari ulionyooka, nao wakapanga foleni kula, na yeye akapita nyuma yao mikono mgongoni akiwakagua. Aliwapa vyeo. Jogoo mkubwa alikuwa Sajenti. Aliyetaga alipandishwa, aliyeharibu bustani alishushwa mbele ya wenzake. Aliyafanya hayo ndani ya ua wake, na walioyajua walikuwa watu wa nyumbani. Mtafsiri alikua akimcheka kwa hilo, na mzee akimfukuza kwa fimbo kwa hilo, na nyumba ilikuwa na raha.

Mtafsiri akaipeleka tabia hiyo kwenye televisheni. Alivaa kofia ya zamani ya jeshi, akawa Afande, kisha akageuka akawa kuku. "Sajenti! Kwa nini wewe hapana taga?" "Afande, mimi iko jogoo." "Hapana leta siasa hapa! Taga!" Sijawahi kuona watu wakicheka vile. Hata Katekista mikono ilimdondoka kifuani. Tulijua anasema nini kuhusu wakubwa na amri zao, na wakati huohuo tulimwona mzee mmoja hai mbele yetu, mgongo ulionyooka, kidevu juu, upendo wake wa ajabu kwa kuku. Kwa maoni yangu hakuna kitu kizuri kuliko hicho alichowahi kukifanya. Kikawa roho ya kipindi. Watu waliokuwa wakibishana kuhusu Mtafsiri wakaacha kubishana kwa muda, wakawa wanamwomba Afande.

Habari za Koboko zilikuja polepole, kupitia wafanyabiashara wa vitenge. Mzee alipokwenda sokoni vijana walimpigia saluti. Halafu wakaanza kuwika. Halafu mtu mzima mwenye duka alimuuliza mbele za watu, "Afande, leo Sajenti anataga?" Mzee alirudi nyumbani mkono mtupu. Akaacha kwenda sokoni. Ijumaa akawa anaswali nyumbani. Mfanyabiashara aliyeniambia hayo aliongeza jambo moja ambalo lilinichoma kuliko yote: kwamba asubuhi mtama sasa unamwagwa ovyo, chungu moja, na kuku wanaparamiana.

Nilimwambia Mtafsiri. Akaendelea kubambua karanga mlangoni kwangu, kama zamani. "Mama Mwalimu, mimi iko mutoto ya dada. Mimi niko na ruhusa."

Aliyemjibu alikuwa Katekista, aliyekuwa amekuja kudai kiti chake alichokuwa ameniazima kwa ajili ya mpira. "Wewe uko na ruhusa," akasema. "Sisi hapana. Sasa wewe unatupatia ruhusa yako sisi yote, mpaka wale ya sokoni. Mujomba yako iko na watoto ya dada wangapi leo?"

Karanga ilimponyoka Mtafsiri mkononi. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mtu amemshinda kwa maneno, na aliyemshinda ni yule aliyekuja kila wiki kukasirika.

Mtafsiri hajapata hata nafasi ya kutengeneza mambo na mzee, kuku akaja. Aliletwa na basi la Koboko, kwenye kikapu kizuri, tetea mweupe, miguu imefungwa kwa kitambaa kisafi. Utingo alikuja hadi kibandani kwangu akakikabidhi kikapu kwa mikono miwili. "Mzee mmoja anatuma. Anasema ni ya mgeni wa televisheni, na asante sana kwa kazi."

Nilipiga vigelegele. Mimi si mzaliwa wa nyumba zile za Koboko, na hata baada ya miaka yote hii kuna mambo yananipita. Nikamwambia Mtafsiri, "Umeona? Mjomba amekusamehe!" Nikamgeukia kumshika mkono, nikauachia. Alikuwa anakitazama kile kitambaa cha miguuni.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mutoto ya dada hapana pewa kuku."

Ndipo nikaelewa. Alikuwa amepewa, kwa kikapu, kwa kitambaa, kwa asante, kama anavyopewa mtu wa ofisi aliyepita kusalimia. Mzee hakumtukana wala hakumlaani. Alimwonyesha adabu tu. Ruhusa ilikuwa imefungwa miguu kwa kitambaa cheupe, na mtu yule aliyejua kufungua kila kitu hakuweza kukifungua. Nilimfungua mimi kuku, akakaa nyuma ya kibanda changu, akataga, na Mtafsiri hakula yai lake hata moja.

Jumamosi ile aliingia televisheni bila kofia. Alisema Afande amestaafu. Kibandani kwangu watu walizomea kioo. "Afande iko wapi? Tunataka Afande!" Wiki iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Meneja wa kituo alimwita akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba bila Afande kipindi kitakufa. Mtafsiri akamjibu kwamba kitakufa basi. Wakakipunguza, wakakisogeza hadi saa ambayo watu wako shambani. Katika mabenchi yangu waliobaki wakagawanyika upya: wengine walisema amepandisha mabega, wengine kwamba amenunuliwa na wakubwa, na muuza mkaa akasema labda amechoka tu, waacheni. Yeye hakumweleza mtu. Angeweza kutoa kipindi kizima juu ya mjomba aliyemnunia, na watu wangelia kwa kicheko. Alikuwa na kisu kile mkononi na hakukitumia. Mimi nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa vichekesho vyake vyote.

Alimpigia mzee simu mara nyingi. Mzee alipokea kila mara. "Nashukuru sana, bwana. Habari ya kazi? Wasalimie ofisini." Mtafsiri alikuwa akiiweka simu magotini na kuitazama. Bwana! Mtu aliyemlea kwa fimbo na uji, leo anamwita bwana.

Asubuhi moja alikuja na kikapu kilekile, tetea mweupe yumo ndani, hajafungwa. "Mama Mwalimu, twende Koboko. Peke yangu mimi hapana weza."

Tulipanda gari la asubuhi. Njia nzima, kupita Maracha na kuendelea, watu walimtambua na kumwomba japo kichekesho kimoja. Alisema mdomo unauma.

Ua wa Afande ulikuwa umefagiwa, na njia ya kuingilia imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, kama kambini. Langoni Mtafsiri akasimama. Nilimwona anafungua mdomo kupiga hodi, na nikaona anaufunga. Akipiga hodi, amekubali kwamba ni mgeni. Akiingia bila hodi, anachukua kitu ambacho hajui kama bado ni chake. Akabaki pale na kikapu chake, mtu aliyewahi kuwasemea majambazi na malkia, na hana neno.

Mzee alimwona kutoka barazani. "Karibu, mgeni," akasema. "Karibu, mama. Kiti iko hapa." Akaingia mwenyewe ndani, akatoa viti viwili vya plastiki, akavifuta kwa kitambaa. Chai ikaja kwenye sinia. Mzee akaniuliza hali ya mvua Arua, muhogo umetokaje, watoto wangu wazima. Nilijibu. Kila neno la mzee lilikuwa safi, na kila neno lilimsukuma kijana mbali zaidi. Kiti chake alikuwa hajakikalia.

"Mujomba," akasema hatimaye, "mimi nakuja kuomba—"

Mzee akainua kiganja. "Mgeni hapana omba. Mgeni anakunywa chai."

Chini ya banda kuku walikuwa wanaparamiana juu ya mtama uliomwagwa chungu moja, na Sajenti, mwekundu, mkia wa kijani, amesimama juu yao wote. Nilidhani tumefika mwisho. Nilianza kutafuta maneno ya kuagia.

Mtafsiri akaweka kikapu chini na kukifunua. Tetea mweupe akatoka, akajikung'uta, akaenda zake kwa wenzake. Mzee alimfuata kwa macho, uso haukubadilika. Kisha Mtafsiri akafungua kifungo cha juu cha shati, akashuka barazani, akamwendea Sajenti.

Alimkosa. Jogoo akapaa juu ya banda, akashuka upande wa pili, na Mtafsiri nyuma yake. Walizunguka mti wa mpapai, wakapita katikati ya nguo zilizoanikwa, ndara moja ikabaki njiani. Alichana suruali kwenye ua wa miiba. Alianguka juu ya mawe ya chokaa akainuka mweupe upande mmoja. Alikuwa hajui kabisa kukamata kuku, bila shaka miaka ya mjini ilikuwa imemharibu, na hakuna mtu aliyecheka. Mimi nilishika sinia ili nipate cha kushika. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameketi wima, mikono kwenye fimbo, taya zimekazwa. Sajenti akampita Mtafsiri miguuni kwa mara nyingine, na taya za mzee zikaanza kutikisika.

"Kushoto," akasema mzee kwa sauti ya chini.

Mtafsiri hakusikia. Akaenda kulia.

"Kushoto! Kushoto, mujinga!" Mzee alikuwa ameshasimama. "Funga mulango ya jikoni! Wewe nafukuza jogoo ama nacheza naye ngoma? Inama! Inama chini! Sasa!"

Mtafsiri akainama, akajirusha, akaanguka kifudifudi vumbini, na alipoinuka alikuwa na Sajenti kifuani, mabawa yanampiga usoni.

Mzee akashuka ngazi za baraza fimbo juu, akapaza sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi miezi yote ile. "Mwizi! Watu ya Koboko, mutoto ya dada yangu ni mwizi! Ananiibia Sajenti! Rudisha Sajenti yangu, kichwa mubovu wewe!" Majirani wakatoka. Alimfukuza hadi langoni, fimbo ikipita karibu kabisa na mgongo wake na haigusi, na machozi yakimshuka mzee kwenye ndevu zake nyeupe. Na Mtafsiri alikuwa anakimbia na mguu mmoja mtupu, akicheka. Nikayaona meno yake. Ana pengo upande wa kushoto, kumbe.

Kipindi bado kipo, saa ileile mbaya, na watu bado wanabishana. Kisa hiki hakukisema kwenye televisheni na hatakisema. Mimi nimekiandika kwa sababu mzee aliniruhusu, kwa sharti kwamba majina yakae nyumbani, na akaniambia kwamba mtama siku hizi unamwagwa tena kwenye mstari.

Lakini siku ile, tukirudi Arua, Mtafsiri alimpakata jogoo njia nzima, chokaa begani, suruali imechanika. Watu garini wakamtambua, wakafurahi. Mama mmoja akamwambia, "Eh, watu ya Koboko wanakupenda! Wanakupa zawadi ya jogoo mukubwa hivi!"

"Hapana zawadi, mama," akasema Mtafsiri, na hakuna mtu duniani aliyewahi kusema neno lililofuata kwa majivuno kama yale. "Mimi naiba."